Klachi Ikikatika Ghafla Njiani: Mwongozo kwa Waendesha Pikipiki wa Mwanza

Unakaribia kipilefti, unavuta klachi ili ushushe gia, leva inalala yote hadi kwenye usukani bila kukaza, na pikipiki inazidi kwenda. Waya umekatika. Wengi wakifikwa na hili hushtuka na kukanyaga breki kwa nguvu, injini inagugumia na kuzima katikati ya njia, na dereva wa daladala aliye nyuma hana habari. Kinachoumiza watu ni hizo sekunde chache kuliko uharibifu wenyewe. Waya wa klachi ni spea ya bei ndogo. Mguu wa abiria hauuzwi dukani.

Mwongozo huu ni wa pikipiki tunazoendesha huku kila siku, za cc 100 hadi 150, zenye klachi ya waya na gia za mguu: Boxer, TVS, Honda na za Kichina. Nimeupanga kwa mfuatano wa matukio yenyewe: kwanza kusimama salama, kisha kujua kilichoharibika, kisha kutengeneza au kuondoka, na mwisho kwa fundi.

Ulichopoteza na ulichobaki nacho

Ukivuta leva, waya unavuta mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni mwa injini. Mkono ule unaachanisha pleti za klachi, na nguvu ya injini haifiki tena kwenye gia wala kwenye cheni. Ukiachia leva, springi zinazibana pleti pamoja tena. Kwa hiyo waya ukikatika, springi zinabaki zimebana, na injini na tairi la nyuma vinakuwa vimeshikana muda wote pikipiki ikiwa kwenye gia.

Hilo tu ndilo ulilopoteza. Breki zote mbili ziko sawa. Mafuta bado yako mkononi mwako. Gia zinaingia na kutoka, ila kwa ustadi. Swichi ya kuzimia injini ipo. Mtu anayejua hivi hana sababu ya kuruka kutoka kwenye pikipiki inayotembea, na kuna watu wameruka.

Ukiwa bado kwenye mwendo

Punguza mafuta taratibu. Pikipiki iliyo kwenye gia hupunguza mwendo yenyewe mafuta yakipungua, lakini ukiyaachia kwa mkupuo ukiwa gia ndogo, abiria atakugonga mgongoni na tairi la nyuma linaweza kuburuzika. Angalia kioo, washa indiketa ya kushoto, sogea kushoto. Mkono wa kushoto uache kuhangaika na leva. Kila unapoibonyeza tena, macho na akili vinatoka barabarani.

Kama kuna kitu mbele yako hapo hapo, mtoto anavuka au Hiace imesimama ghafla kupakia, usifikirie gia wala frii, yaani pikipiki kutokuwa kwenye gia yoyote. Funga breki zote mbili kama kawaida. Injini itatikisika na kuzima, na hilo si tatizo. Breki kwanza, injini baadaye.

Ukiwa na nafasi, ziko njia mbili za kusimama vizuri. Iliyo rahisi ni kubaki kwenye gia uliyonayo, kufunga breki polepole hadi mwendo wa mtu anayekimbia, kisha kuzima injini kwa swichi ya kwenye usukani na kumalizia kwa breki. Kama swichi hiyo ilikufa siku nyingi, na kwenye pikipiki nyingi za biashara imekufa kweli, tumia funguo, lakini izungushe hadi kuzima tu. Kwenye pikipiki ambazo kufuli ya usukani iko hapo hapo kwenye swichi ya funguo, ukipitiliza ukiwa bado unatembea unajiangusha mwenyewe.

Njia ya pili ni kuipata frii kabla hujasimama, na inafaa kujizoeza hata kabla mambo hayajaharibika. Gia hushikwa na meno yaliyoumana. Ukivuta mafuta, meno yanakabana upande mmoja. Ukiyaachia kabisa, yanakabana upande wa pili. Katikati ya hapo kuna nukta ambapo pikipiki haivuti wala haishiki, na ndipo meno yanapolegea. Weka mguu kwenye pedeli ya gia ukiwa umeibonyeza kidogo tu, kisha chezesha mafuta kuelekea nukta hiyo. Gia inatoka yenyewe, laini, bila kelele. Ukilazimisha kwa teke utasikia chuma kikilia, na ujue hicho ni chuma cha gia zako.

Jua mpangilio wa pikipiki yako. Zile ambazo gia ya kwanza iko chini na nyingine juu, frii iko katikati ya kwanza na ya pili, kwa hiyo unaitafuta kutoka gia ya pili kwa kubonyeza nusu. Zile ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja, frii iko mwisho kabisa baada ya kurudi hadi ya kwanza, na huwezi kuipitiliza. Ukiazima pikipiki ya mwenzako, hili liulize kabla ya kuondoka kijiweni.

Milima yetu inataka maelezo yake. Ukiwa unateremka kutoka Bugando au Isamilo waya ukakatika, usiweke frii. Iache gia ikusaidie kushika mwendo, teremka kwa breki zote mbili, simama pakishakuwa tambarare au pembeni palipo na nafasi. Ukiwa unapanda na pikipiki ikazima, kamata breki ya mbele na uiache kwenye gia. Kwa kuwa klachi imebana, gia iliyoingia inalishika tairi lisirudi nyuma, na unapata muda wa kumshusha abiria bila kuserereka naye.

Pembeni

Abiria ashuke kwanza, kabla hujainama kuangalia chochote. Ashukie upande wa kushoto, mbali na magari na mbali na eksozi, ambayo kwa pikipiki nyingi iko kulia na muda huo ni ya moto. Mwambie ukweli kwa lugha fupi: “Mama, samahani, shuka huku kushoto. Waya wa klachi umekatika. Namwita mwenzangu akumalizie safari.” Nauli mtaelewana wewe na mwenzako. Kumkalisha abiria juani nusu saa ukiwa na plaizi mkononi hakumsaidii yeye wala wewe, na akiwa na mtoto mgongoni ni vibaya zaidi.

Kwenye barabara kuu, ya kwenda Kisesa na Magu au ya kwenda Usagara na Misungwi, toka kabisa kwenye lami. Mabasi yanapita hapo kwa kasi na upepo wake peke yake unayumbisha pikipiki iliyosimama kwa stendi ya pembeni. Usiku acha taa ikiwaka, na vunja matawi uyaweke nyuma yako kwa hatua kadhaa kama ilivyo desturi yetu. Ukiondoka, yaondoe, matawi yaliyosahaulika yamewafanya wengine wakwepe kitu ambacho hakipo na kuingia upande wa pili.

Kama limekukuta juu ya daraja la Kigongo–Busisi, usifungue vifaa pale. Daraja lile, lililofunguliwa mwaka 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi, kwa hiyo kusukuma pikipiki hadi mwisho wake ni kazi kweli, lakini frii unayo na tairi linazunguka. Kaa ukingoni kabisa upande wako, sukuma hadi nchi kavu, ndipo utengeneze. Na ukiwa unasubiri kivuko, iwe Kamanga au kule Kisorya kwenda Ukerewe, ingiza pikipiki ikiwa imezimwa na iko frii, ukiisukuma kwa mikono. Pikipiki isiyo na klachi ikiwa imewashwa kwenye sitaha iliyojaa watu, mikungu ya ndizi na magunia ni hatari ambayo hakuna sababu ya kuikubali.

Ikikwama kwenye gia na injini imezima, itikise mbele na nyuma huku mguu au mkono ukibonyeza pedeli ya gia kidogo kidogo. Meno yatalegea na taa ya kijani ya frii itawaka.

Ni waya, au ni pleti?

Hapa ndipo watu hupoteza hela na muda, kwa sababu dalili mbili zinazofanana majina zinataka dawa zinazopingana.

Leva ikiwa imelegea kabisa, fuata waya kwa macho kutoka juu hadi chini. Mara nyingi umekatikia juu, pale kichwa chake cha duara kinapokaa ndani ya leva, kwa sababu hapo ndipo unapojikunja kila unapovuta. Usipouona umekatika, angalia chini kwenye mkono wa injini: pengine umechomoka tu, au kile kishikio cha waya kwenye kava kimelegea. Toa waya kwenye ule mkono kisha usukume mkono wenyewe kwa vidole. Ukienda kidogo ukakutana na ugumu wa springi, ndani kuko salama na tatizo ni la waya. Ukizunguka ovyo bila kukaza, kilichovunjika kiko ndani ya kava na hapo barabarani hutakitengeneza.

Dalili ya pili ni injini kulia sana huku pikipiki haiendi, hasa kwenye mlima au ukiwa na mzigo, pengine na harufu ya kuungua. Hizo ni pleti zinazoteleza. Dalili ya tatu ni kinyume chake: umevuta leva yote lakini pikipiki bado inataka kwenda, gia zinaingia kwa kishindo, na ukisimama frii haipatikani. Hapo klachi haiachii.

Sasa sikiliza. Klachi isiyoachia, mara nyingi waya umelegea, na dawa yake ni kuukaza. Klachi inayoteleza, ukikaza waya unaimaliza, kwa sababu waya uliokazwa mno unazizuia springi zisibane pleti sawasawa, na kila kilomita unayokwenda hivyo zinaungua. Kwa hiyo inayoteleza, legeza. Nimewaona vijana wakikaza, ikateleza zaidi, wakakaza tena, hadi wakanunua pleti mpya kwa tatizo la nati moja.

Kipimo ni hiki: vuta leva kwa kidole kimoja na uangalie ncha yake. Kabla haijaanza kukaza, iwe inacheza kati ya milimita 10 na 20. Pungufu ya hapo waya umekaza, zaidi ya hapo umelegea. Marekebisho madogo yanafanyika juu kwenye leva kwa mkono. Makubwa yanafanyika chini kwenye injini kwa spana mbili, namba 10 au 12 kwa pikipiki nyingi. Ukimaliza, kaza loknati, maana isipokazwa mtikisiko wa matuta utakurudisha ulikotoka.

Kutengeneza pale pale

Kama una waya wa akiba, kazi imekwisha nusu. Zungusha kirekebishi cha juu kiingie chote, panga ile mifereji ya kirekebishi, loknati na leva iwe mstari mmoja, waya utachomoka bila kulazimisha. Toa na upande wa chini. Kabla hujauvuta nje, funga ncha ya waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani kwa plasta, ndipo uvute. Waya mpya utapita njia ile ile ya zamani, nyuma ya taa na pembeni mwa tangi, bila kubanwa na usukani. Funga chini kwanza, kisha juu, kisha rekebisha. Mwisho washa injini ikiwa frii na ugeuze usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, huku umeshika leva. Ikikaza upande mmoja, waya umepita pabaya.

Kama huna waya mpya lakini ule uliopo umekatikia juu, kuna kile kipande kidogo cha chuma chenye tundu na skrubu ya kubana waya. Mafundi wa baiskeli wanavyo, nao madukani ni vya bei ya chini, na viwili ndani ya boksi la vifaa havikuzidishii uzito. Ingiza virekebishi vyote viwili hadi mwisho ili upate urefu wa waya wa ziada, kata nyuzi zilizochakaa zibaki zilizo sawa, pitisha waya kwenye kipande hicho, kaza skrubu kwa bisibisi huku umekishika kwa plaizi, na ukunje mkia wa waya urudi nyuma. Vuta leva mara nyingi kwa nguvu ukiwa umesimama kabla hujaamini. Kitakufikisha kwa fundi. Usikiachie wiki nzima.

Ukikatikia chini, boliti fupi yenye nati na washa mbili inafanya kazi hiyo hiyo. Pitisha boliti kwenye tundu la mkono wa injini, zungushia waya kati ya washa, kaza.

Kwa wanaotoka vijijini, waya wa breki wa baiskeli nao huweza kuokoa safari ya pikipiki ndogo. Ni mwembamba kuliko wa klachi, kwa hiyo uuchukulie kama wa kukufikisha tu. Ila ukisimamisha mtu mwenye Phoenix, zile baiskeli kubwa nyeusi zilizojaa Usukumani kote, hutapata kitu: breki zake ni za fimbo za chuma. Tafuta fundi anayeshughulika na baiskeli za gia.

Kamba za nyavu, ambazo mwaloni hazikosekani, zisikudanganye. Nailoni inanyooka. Utavuta leva hadi mwisho, kamba itarefuka, na mkono wa injini hautasogea vya kutosha kuachanisha pleti. Mbaya zaidi inaweza kusogea nusu, na klachi iliyoachia nusu inaunguza pleti.

Leva ikivunjika baada ya kuanguka, kipande kilichobaki kikiwa na nafasi ya vidole viwili kinatosha kufika mjini. Kikiwa kifupi kuliko hapo, koleo la kujifunga likibanwa kwenye kisiki cha leva linavutika vizuri. Usiliweke koleo hilo kwenye mkono wa injini ukaendesha huku umeinama kulivuta. Kichwa kinashuka, macho yanatoka barabarani.

Pleti zinazoteleza hazina tiba ya barabarani zaidi ya kulegeza waya kama umekaza, kuangalia kiasi cha oili, na kuiacha injini ipoe kivulini nusu saa hivi. Baada ya hapo endesha bila abiria, bila mzigo, mafuta kidogo, ukikwepa milima. Ikianza tena kuteleza ilhali leva ina nafasi yake ya kucheza, pleti zimekwisha.

Kuondoka bila klachi

Inawezekana, na pikipiki ndogo huvumilia. Nasema wazi hata hivyo kwamba hii ni njia ya kutoka porini kwenda kwa fundi wa karibu. Ukiwa ndani ya jiji, kuanzia Kirumba hadi Igoma, fundi hayuko mbali, sukuma. Mtu anayeendelea kubeba abiria bila klachi kwa sababu hesabu ya tajiri haijatimia anaweka rehani maisha ya mtu aliyemlipa amfikishe.

Ukiwa umeamua, fuata hivi:

1. Hakuna abiria, hakuna gunia. Kofia ngumu kichwani na imefungwa mkanda.

2. Chagua mahali tambarare au penye mteremko mdogo, mbele yako kuwe wazi kwa umbali wa kutosha, pasiwe na makutano wala watu. Mlimani usijaribu kabisa. Geuza uelekee chini au sukuma hadi kileleni.

3. Washa injini ikiwa frii, iache ipate moto ili isizime kirahisi, ikinguruma polepole bila mafuta ya ziada.

4. Kaa juu na uisukume kwa miguu miwili, au iache itiririke kwenye mteremko, hadi ifikie mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Ukipenda kukimbia nayo kutoka upande wa kushoto na kurukia, hakikisha umeshakaa sawasawa kabla hujagusa gia.

5. Kiwiko cha kulia kikae chini na kifundo kikae chini. Gia ikiingia pikipiki itaruka mbele, na mkono uliokaa juu utavuta mafuta bila wewe kutaka. Bonyeza gia ya kwanza mara moja, kwa uhakika, mafuta yakiwa kidogo sana. Kama mpangilio wako unakuruhusu kwenda moja kwa moja gia ya pili na mteremko umekupa mwendo, tumia ya pili; mtikisiko wake ni mdogo.

6. Kupandisha gia, tanguliza mguu kwenye pedeli kwa msukumo mdogo, kisha kata mafuta kwa nukta moja na uyarudishe. Gia itaingia katika ile nukta. Kushusha, punguza mwendo kwanza, tanguliza mguu, kisha ongeza mafuta kidogo ghafla na kuyaachia. Hakuna haja ya kuvuka gia ya tatu.

7. Soma barabara mapema. Ukiona daladala inapunguza mwendo mbele, punguza na wewe mapema ili ikiondoka uwe bado unatembea. Ukilazimika kusimama, ipate frii kabla, na kuondoka ni kuanza upya kwa kusukuma.

Kwa sababu ya hatua hiyo ya saba, usipite katikati ya mji jioni. Kwenye kipilefti cha Samaki huchagui wewe lini usimame, na kwenye kivuko cha waenda kwa miguu mwanafunzi ana haki ya kuvuka bila kujali klachi yako. Ukifika mahali kama hapo, zima, shuka, sukuma, vuka, anza tena upande wa pili.

Kuna wanaowasha kwa stata ikiwa kwenye gia ya kwanza, pikipiki ikijivuta kwa nguvu ya betri. Kwa kuitoa juu ya reli ikiwa imekwama kwenye gia, fanya, maana huko ni kuokoa roho. Kwa safari, unaua stata na betri, na inapowaka inaruka kabla hujajipanga.

Kusukumwa na mwenzako kwa mguu, naye akiwa kwenye pikipiki yake, kumezoeleka sana. Kama ni lazima, iwe frii, barabara tupu, mwendo mdogo, na mkubaliane ishara ya kuachia. Kwenye barabara ya lami yenye malori nakushauri ukatae. Kirikuu au toyo la mizigo litakubebea pikipiki hadi mjini, na ni bora kuliko yote niliyoeleza kama ni usiku, kama mvua inanyesha, kama breki zako zilikuwa na mashaka tangu asubuhi, au kama hujawahi kuendesha bila klachi. Ikipakiwa, ifungwe kamba kutoka usukani pande zote mbili, na iwekwe kwenye gia.

Kwa fundi

Mweleze dalili, usimpe hukumu. “Fundi, ikipanda mlima inalia lakini haivuti” inamsaidia kuliko “nibadilishie pleti.” Mwombe apime leva kwanza mbele yako.

Pleti zikibadilishwa, zibadilishwe seti nzima na springi ziangaliwe, kwa kuwa springi zilizochoka zitatelezesha hata pleti mpya. Zile pleti zenye ngozi ziloweshwe kwenye oili kabla ya kufungwa; zikifungwa kavu zinaungua mwanzoni kabisa. Gasketi ya kava iwe mpya. Na kava lisifunguliwe kandokando ya barabara ya vumbi, maana mchanga unaoingia pale unazunguka na oili ile ile inayolainisha injini nzima.

Oili ndiyo ninayoisisitiza kuliko yote. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini. Oili nyingi za magari ya kisasa zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Geuza chupa utafute maandishi JASO MA au MA2. JASO MB iache. Hiyo ni ya skuta zisizo na klachi ya namna hii. Chupa isiyo na maandishi hayo, hata ikiwa ya bei nzuri na jina kubwa, usiitie. Na ile oili inayouzwa kwa kupimiwa kutoka kwenye pipa huwezi kujua ni nini.

Kabla haujakatika

Waya hutoa taarifa. Leva inakuwa nzito, au inarudi polepole ukiiachia, au asubuhi inakwaruza. Mara moja kwa wiki, pikipiki ikiwa kijiweni, vuta leva na upitishe kidole gumba pale waya unapoingia kwenye kichwa chake. Uzi mmoja uliokatika utakuchoma kidole. Ukishachomwa, badilisha siku hiyo hiyo. Uzi wa kwanza ukikatika, mzigo wake unahamia kwa wenzake, na hao hawachukui muda mrefu.

Ulainishe pia. Chomoa waya juu, funga kifuko kidogo cha plastiki kama mdomo wa faneli kwenye ganda lake, tia matone ya oili nyepesi na uyaache yashuke usiku kucha hadi uyaone yametokea chini. Kichwa cha waya ndani ya leva kipakwe grisi ili kizunguke. Kisipozunguka, waya ndio unaojikunja badala yake. Wanaoosha pikipiki kwa pampu ya nguvu wasielekeze maji juu kwenye leva, kwa sababu yanaingia ndani ya ganda, yanakaa humo, na kutu inaanzia mahali usipopaona.

Nunua waya wa pili wa modeli yako hasa, maana urefu unatofautiana, na uulaze sambamba na ule unaotumika, kuanzia usukani hadi injini, ukiufunga kwa vibanio vya plastiki. Ncha zote mbili zipake grisi na uzizungushie nailoni na plasta maji yasiingie. Siku wa kwanza ukikatika, iwe Magu au Nansio ambako spea ya pikipiki yako huenda ikasubiri meli, unakata plasta, unachomeka juu na chini, unarekebisha, unaondoka. Ndani ya boksi chini ya kiti weka spana namba 10 na 12, plaizi, bisibisi, vile vipande viwili vya skrubu, boliti fupi na washa zake, na tochi ndogo yenye betri zinazofanya kazi.